Mali Ikishauzwa Hairejeshwi: Kwa Sheria Ipi?

Mwananchi anayeingia katika maduka ya kompyuta na vyombo vya umeme ya hapa mjini mara nyingi hukuta, juu ya meza ya muuzaji, kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa herufi kubwa: Mali ikishauzwa hairejeshwi. Karatasi hiyo imezoeleka kiasi ambacho wapo wanaodhani kuwa ni amri iliyotoka Serikalini, na wapo hata watumishi wa Serikali ambao wakiiona hunywea, wakachukua kifaa chao kibovu na kwenda nacho nyumbani kukiweka juu ya kabati. Sisi nasi tulikuwa miongoni mwao mpaka yalipotufika, na kwa kuwa yaliyotufika yaligusa haki za watu wengi kuliko sisi, tumeona hapana budi kuyaeleza.

Katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja wapo kina mama wakulima wa mwani wenye chama chao cha ushirika. Kilimo hiki kilianza kwa biashara visiwani mwetu mwaka 1989, na wengi wa wanaosimama majini na vigingi na kamba ni wanawake. Kila mwanachama anapopeleka mwani mkavu kwenye mizani, katibu huandika jina lake, aina ya mwani, kilo na fedha anazostahili. Hesabu za misimu miwili zilikuwa zimeingizwa katika kompyuta ya chama, kompyuta kuukuu iliyojaa pomoni. Kamati ikakata shauri kununua diski ya nje, na sisi, kwa sababu ya kusoma kidogo na kuzoea kwenda mjini, tukakabidhiwa shilingi 75,000 za wanachama na kutumwa.

Diski tuliyoinunua iliandikwa juu ya boksi lake kuwa ni ya terabaiti mbili. Ilikuwa nzuri kuitazama, na nzito mkononi, na tulipoichomeka palepale dukani kompyuta ya muuzaji ilithibitisha: terabaiti mbili kamili. Bei ilikuwa ndogo mno kwa kitu cha ukubwa huo. Hilo lilipaswa kutushtua, lakini nani hapendi rahisi?

Kijana wa katibu alihamisha kila kilichokuwamo. Alianza na video za mafunzo ya kilimo, akafuatisha picha za mikutano, halafu (maana kina mama nao waliomba) picha za harusi na za wajukuu kutoka simu zao, na mwisho kabisa hesabu na picha za stakabadhi za mizani. Akaona majina ya mafaili yote yamejipanga sawasawa, akaridhika, akaifuta kompyuta. Baada ya siku tisa mwanachama mmoja alikuja kuuliza malipo yake ya msimu uliopita. Katibu akafungua faili. Jina lipo, ndani hamna kitu. Akafungua la pili na la kumi, hali ni hiyohiyo. Harusi zote zilikuwa salama, hesabu hapana.

Msomaji asiyekuwa fundi atauliza imekuwaje. Ndani ya diski za namna hii kuna chombo kidogo kinachoiambia kompyuta ukubwa wa nafasi iliyopo, na matapeli wa viwandani hukifundisha chombo hicho kusema uongo. Nafasi ya kweli huwa gigabaiti 16 au 32, kinachotajwa kikawa terabaiti mbili. Mtu akiweka vitu vyake, vya mwanzo huhifadhiwa. Nafasi ya kweli ikishajaa, vinavyofuata ama huandikwa juu ya vingine ama hutupwa, na majina yake hubaki yanaonekana kana kwamba ni mazima. Ndiyo maana kuchomeka na kutazama dukani hakusaidii kitu. Anayetaka kujua ukweli hana njia ila kukijaza chombo na kukisoma tena, na ipo programu ya bure ya kazi hiyo, H2testw, iliyotolewa na jarida la kompyuta la Ujerumani liitwalo c't.

Fundi wa mtaani kwetu alitaka kulipasua ganda la diski ili atuonyeshe kilichomo. Tukamzuia, na sababu ya kumzuia hatukuipata katika kompyuta, tuliipata chuoni tulikosoma udogoni. Waliokaa mbele ya mwalimu na kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi, mlango wa mauzo, watakumbuka hiari ya kasoro: mnunuzi akigundua aibu iliyokuwamo katika mali kabla ya kuipokea, anayo haki ya kuirudisha na kupewa thamani yake. Lakini haki hiyo ina adabu zake. Kwa madhehebu ya Shafii arudishe bila ya kuchelewa. Akiendelea kuitumia hali ya kuwa ameshaijua aibu, huhesabiwa ameridhika. Na ikiingia aibu mpya mali ikiwa mkononi mwake, hawezi tena kumlazimisha muuzaji aipokee vilevile. Ganda lililopasuliwa ni aibu mpya. Tulitaka diski irudi dukani kama ilivyotoka.

Katika mlango huohuo limo jambo jingine ambalo lingewafaa wenye karatasi za mezani. Muuzaji anayeshurutisha mapema kuwa hana dhima ya aibu yoyote hatoki katika dhima kwa sharti hilo, isipokuwa katika mnyama, na humo pia ni kwa aibu ya ndani ambayo mwenyewe hakuijua. Diski si mnyama. Wafanyabiashara wetu wengi walikaa chuoni kama tulivyokaa sisi, na wanamjua yule mwenye rundo la nafaka sokoni aliyeficha unyevu chini na ukavu juu, na namna Mtume alivyomkemea. Gigabaiti 29 juu na utupu chini, sisi hatuoni tofauti.

Siku ya pili tulirudi mjini kwa gari ya asubuhi. Aliyetupokea ni kijana mwenye adabu, na majibu aliyotupa tunayaandika hapa kwa mfuatano wake kwa sababu tunaamini yanatolewa kila siku kwa watu wengine.

Kwanza alisema: "Maalim, hii haikutoka kwetu." Tukatoa risiti. Risiti ilikuwa imeandikwa kwa mkono, "Diski 1", basi. Haina ukubwa, haina namba ya kifaa, wala haina jina la aina yake. Hapa tukakiri kosa letu mbele yake. Risiti ya kielektroniki hatukuidai, na tulipokea kipande kile kwa haraka ya kuwahi gari. Kilichotuokoa ni simu, kwa kuwa fedha tulilipa kwa simu na ujumbe wa malipo ulikuwa bado umo, una tarehe, saa, kiasi na jina la mpokeaji. Boksi pia tulikuwa nalo. Kijana akanyamaza, akaupokea.

Jibu la pili likawa umeme. Kisingizio hiki kina mizizi visiwani, na hatumlaumu sana anayekitumia. Nani amesahau kiza cha Mei na Juni 2008, au kile cha miezi mitatu kilichoanza Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipokorofika na mji mzima ukaunguruma kwa majenereta? Tangu hapo kila kinachokufa huambiwa kimeuawa na umeme, na mara nyingi ni kweli. Lakini diski ya nje haichomekwi ukutani. Inakula volti tano kutoka katika kompyuta, na umeme ukichafuka kinachotangulia kuumia ni chaja au kompyuta yenyewe. Kompyuta ya chama ilikuwa nzima. Tukamwomba jambo moja tu: diski ichomekwe katika kompyuta ya duka, programu iwashwe mbele ya macho yetu sote, iandike gigabaiti 64 kisha izisome.

Ilianza tuliporudi kutoka katika sala ya adhuhuri. Tukakaa kitakoni pembezoni mwa duka, wateja wakiingia na kutoka, baadhi yao wakisimama kuuliza mambo gani. Karibu na alasiri jibu likatoka: gigabaiti 29 na kidogo salama, zilizobaki zimeharibika. Kijana aliisoma mara mbili. Kwa kweli alionekana kushtuka kuliko sisi, na tuliamini, kama tunavyoamini hadi leo, kuwa hakujua anachokiuza.

Ndipo lilipokuja la tatu: "Basi nitakubadilishia." Akafungua boksi la pili kutoka katika katoni ileile. Hapa watu wengi hushukuru wakaondoka, na wiki moja baadaye huwa pale walipoanzia. Tulikataa. Kubadilishiwa ni haki pale kasoro inapokuwa ya kifaa kimoja katika mia. Kasoro ikiwa ndiyo aina yenyewe ya mali, kubadilisha ni kuongeza siku za kudanganywa. Tulitaka fedha za wanachama. Akasema fedha si zake, mwenye duka yuko safarini, turudi Jumatatu.

Tulirudi Jumatatu tukiwa na barua. Ilikuwa kurasa moja, imetaja tarehe ya kununua, kasoro ilivyogunduliwa na lini, jaribio lililofanywa dukani na matokeo yake, tunachodai na siku saba za kulipa, na chini yake tumeeleza kuwa nakala itapelekwa katika Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Tuliandika nakala mbili na kumwomba mwenye duka, ambaye sasa alikuwapo, atie saini ya kupokea katika nakala yetu. Hatukupaza sauti. Alisoma barua, akauliza kama sisi ni mawakili, tukasema hapana, akacheka kidogo. Siku ile alilipa shilingi 40,000, na 35,000 zilizobaki zikaja kwa simu kabla ya siku saba kutimia.

Inafaa tumtendee haki mfanyabiashara huyu, kwa kuwa alitueleza yake. Katoni ile aliinunua kwa jumla, kwa fedha taslimu, kutoka kwa mtu aliyeileta na bidhaa nyingine kutoka ng'ambo. Hana mkataba na kiwanda na hajui hata jina lake. Akimrudishia mteja fedha, hasara ni yake peke yake, maana aliyemuuzia naye atamwambia hayohayo yaliyoandikwa juu ya meza. Dhamana inakatikia baharini. Hali ni hii pia kwa kompyuta zilizokwishatumika zinazoingia kutoka nchi za Ghuba na Ulaya: nyingine betri zimechoka, nyingine zimefungwa kwa namba ya siri ya kampuni iliyokuwa ikizimiliki, na hata mpya yenye dhamana ya mtengenezaji aghlabu dhamana hiyo hutumika katika eneo ilikouzwa kwanza tu. Mteja akikataliwa na mtengenezaji hubakiwa na mtu mmoja wa kumdai, naye ni yule aliyepokea fedha zake.

Na ndivyo sheria inavyomtazama. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Uingereza ya 1893, iliyoenezwa katika makoloni na ambayo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania Bara, Sura ya 214, ina misingi yake, iliweka kuwa bidhaa inayouzwa na mwenye biashara ya kuiuza lazima iwe na ubora wa kuuzika na ifae kwa kazi iliyokusudiwa. Anayedaiwa ni muuzaji, si kiwanda. Waingereza wenyewe wamekwenda mbele zaidi: kwa sheria yao ya 2015 mnunuzi anazo siku 30 za kuirudisha bidhaa yenye kasoro na kudai fedha zote, na kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita ni juu ya muuzaji kuthibitisha kuwa haikuwapo siku ya mauzo. Kwetu Zanzibar, ambako biashara ya ndani si jambo la Muungano, Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria ya ushindani halali na kumlinda mtumiaji mwaka 2018, na Tume tuliyoitaja imetokana nayo. Viwango vya bidhaa viko chini ya taasisi yake nyingine, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kuwa Serikali haikutunga sheria.

Lakini sheria iliyomo ndani ya kabati la ofisi haimfikii mkulima wa mwani. Tuhesabu: mama wa Makunduchi aliyenunua chaja ya shilingi 20,000 ikafa siku ya tatu, nauli ya kwenda mjini na kurudi, kutwa moja ya kazi iliyopotea, na pengine akaambiwa njoo kesho. Atakwenda mara ngapi? Wa Micheweni je, aliyenunua Unguja na kuvuka nayo kwa boti? Tunawaomba wahusika wafikirie malalamiko madogo yapokelewe kwa sheha au katika ofisi ya wilaya, kwa fomu ya ukurasa mmoja, na yapelekwe mbele kutoka hapo bila ya mlalamikaji kusafiri. Masheha wanayo orodha ya kila nyumba. Kupokea karatasi hakutawashinda. Pia tunauliza, kwa heshima, ni lini mkaguzi wa chombo chochote alipoingia dukani akaichomoa ile karatasi ya mezani na kumwambia mwenye duka kwamba inawapotosha wananchi.

Tena isidhaniwe kuwa hili ni tatizo la wanyonge tu. Wakuu wa ofisi na walimu wakuu wa skuli wanaosoma safu hii wanajua namna kompyuta za umma zinavyopokewa. Maboksi huteremshwa, huhesabiwa, hati husainiwa, gari huondoka. Maboksi hukaa stoo mpaka siku ya kufunguliwa rasmi, pengine miezi mitatu, na siku hiyo ndiyo inayogundulika kuwa mashine nne kati ya ishirini haziwaki na muda wa dhamana umeshaliwa na vumbi. Aliyesaini kuwa amepokea vitu vizima atasema nini? Ofisi inayonunua ina nguvu ambayo mama wa mwani hana: inaweza kuandika katika mkataba kuwa kila mashine itawashwa na kujaribiwa kabla ya saini, kuwa namba ya kila kifaa itaandikwa katika hati, kuwa dhamana itaanza kuhesabiwa siku ya kuwashwa, na kuwa sehemu ya malipo itazuiliwa mpaka muda fulani upite. Fedha ikishatoka yote, barua za ukumbusho hujaza faili na hakuna kinachorudi.

Wazee wetu wanasimulia enzi za kabla ya biashara kulegezwa mwaka 1984, mtu alipopanga foleni kwa kipande cha sabuni na kushukuru alichopewa. Huenda mazoea yale ya kushukuru bila ya kukagua bado yamo ndani yetu. Tunaona haya kuuliza, tunaona haya kufungua boksi mbele ya muuzaji, na anayedai risiti kamili huonekana mtu wa shari. Katika kijiji chetu walikuwapo waliotushauri tuachane nalo: shilingi 75,000 si kitu, mtagombana na watu bure. Gawanya fedha hizo kwa kilo za mwani uliokauka, halafu uwatazame kina mama wanavyorudi kutoka majini bamvua likianza kujaa, ndipo useme kama si kitu.

Fedha zilirudi, hesabu hazikurudi. Fundi wa mjini alijaribu siku mbili akapata stakabadhi chache, nyingine alisema hazikupata kuandikwa popote, hivyo hakuna cha kutafuta. Kilichobaki ni daftari la mkono ambalo mzanaji mmoja, bibi asiyeziamini kompyuta, alikuwa akiliandika kwa siri msimu wa pili wote akiogopa kuchekwa na vijana. Msimu wa kwanza unakusanywa kwa kumbukumbu za wanachama, mmoja mmoja, na tayari yamezuka mabishano mawili ambayo kamati inayasuluhisha. Hasara ya aina hii hakuna duka litakaloilipa, na hatukumdai mwenye duka.

Wiki iliyopita tulikuwa mjini kwa shughuli nyingine tukapita palepale. Katoni zile za diski hatukuziona tena rafuni. Karatasi ya mezani ilikuwapo. Tukamuuliza yule kijana kwa nini hawajaiondoa, akaitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Hiyo, Maalim?" akasema. "Tuliikuta tulipopanga fremu."